Kuongoza ofisi inayolinda maeneo matakatifu ya Waaborijini: kutunza siri za watu na kuishitaki ofisi nyingine ya umma

Mwanamji (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Tarehe 8 Mei 2024 Mahakama Kuu ya Australia, ambayo kwao ndiyo ngazi ya mwisho ya rufaa na si kama Mahakama Kuu zetu, ilitoa hukumu katika shauri ambalo majina ya wadaawa wake peke yake yanamfanya msomaji arudie mstari. Mrufani hakutajwa kwa jina la mtu bali kwa cheo: Afisa Mtendaji Mkuu wa Mamlaka ya Kulinda Maeneo ya Waaborijini (wenyeji wa asili wa Australia), Northern Territory, eneo la kaskazini mwa nchi hiyo. Mjibu rufaa hakuwa kampuni ya madini wala mfugaji mkorofi, bali Mkurugenzi wa Hifadhi za Taifa, chombo cha serikali ya shirikisho chenye dhamana ya kuitunza hifadhi ya Kakadu iliyomo katika eneo hilo. Ofisi moja ya umma ilikuwa imeipeleka mahakamani ofisi nyingine ya umma, na kisa chenyewe kilikuwa njia ya miguu.

Njia hiyo ilijengwa mwaka 2019 katika maporomoko ya Gunlom, kusini mwa Kakadu, ili watalii wapande kwa urahisi hadi kwenye mabwawa ya juu. Ilipitishwa karibu na mahali ambapo kwa mila ya Wajawoyn, Waaborijini wa nchi hiyo, ni pa wanaume waliopitia jando, na ambapo wanawake na watoto hawaruhusiwi hata kupatazama. Hifadhi haikuomba cheti cha Mamlaka, kibali kinachoonyesha wapi kazi ifanyike na wapi pasiguswe, kabla ya kujenga. Mwaka 2020 Mamlaka ilifungua mashtaka. Hoja ya utetezi haikuwa kwamba njia haikujengwa, bali kwamba sheria ya Northern Territory haiwezi kumtia hatiani mkurugenzi wa chombo cha shirikisho, na mwaka 2022 mahakama ya Northern Territory iliikubali hoja hiyo. Mahakama Kuu ikaitengua, shauri likarudi Darwin, makao makuu ya Northern Territory, na hatimaye mwaka huohuo wa 2024 Hifadhi ikatozwa faini ya dola 200,000.

Nimeufungua uzi huu kwa sababu kazi yangu ni utawala wa umma, na sijakutana na cheo kinachompima mtu kama hiki. Mshahara wa Mtendaji Mkuu huyo unatoka katika hazina ya serikali ya Northern Territory, ilhali sheria inamtaka asimame njiani, ikibidi, mbele ya miradi ya serikali hiyohiyo. Anatunza kumbukumbu ambazo nyingine kwa mila hazimhusu kabisa, kwa kuwa kama yeye ni mwanaume basi za wanawake si zake. Na wanaomsimamia hawakupata ujumbe wa bodi kwa shahada wala kwa kadi ya chama.

Naeleza kidogo muundo, kwa kuwa ndimo lilimo jambo lenyewe. Mwaka 1976 Bunge la Australia lilipitisha sheria ya haki za ardhi za Waaborijini wa Northern Territory. Wakati huo eneo hilo lilikuwa bado halijapata utawala wake wa ndani, ambao ulikuja Julai 1978. Sheria hiyo ilifanya kuingia mahali patakatifu bila ruhusa kuwa kosa la jinai, kisha ikaliachia bunge la eneo litunge utaratibu wa ulinzi. Mamlaka ya kwanza iliundwa na sheria ya 1978, na sheria inayotumika leo, ambayo imefanyiwa marekebisho mara kadhaa, ni ya 1989. Bodi ina watu 12. Kumi kati yao ni Waaborijini wenye dhamana ya maeneo, waliopendekezwa na Mabaraza ya Ardhi, yaani vyombo vinavyowawakilisha Waaborijini katika mambo ya ardhi, wanaume watano na wanawake watano; wawili tu ndio huteuliwa na serikali kwa hiari yake. Mwenyekiti na makamu wake hawawezi kuwa wa jinsia moja. Waliobuni sheria walijua kwamba ujuzi wa mahali umegawanyika baina ya wanaume na wanawake, wakaujenga mgawanyiko huo ndani ya chombo badala ya kuuona kuwa kikwazo.

Nikisema mahali patakatifu, msifikirie jengo. Mara nyingi hapajajengwa kitu. Ni kilima, kisima cha jangwani, mti, mwamba uliozama baharini. Waanangu wa Uluru wana neno Tjukurpa, ambalo kwao ni sheria, historia na dini kwa wakati mmoja: viumbe wa mwanzo walisafiri, wakapigana, wakaoana, wakalala, na mwili wa nchi ndio alama ya safari yao. Anayevunja jabali hafuti kumbukumbu ya tukio. Anamvunja mhusika mwenyewe. Mji wa Alice Springs, ambao Waarrernte huuita Mparntwe, umezungukwa na vilima ambavyo ni viwavi waliouumba. Mapema katika miaka ya 1980 barabara moja ilikata mkia wa kiwavi mmoja wakati mazungumzo na wenye dhamana yalikuwa hayajaisha. Kwenye ramani inaitwa Barrett Drive. Wenyeji wanaiita Barabara ya Ahadi Iliyovunjwa, na jina hilo limedumu kuliko mawaziri wote wa wakati ule.

Nakaribisha michango yenu.

Bintijuma

Ahsante, ndugu Mwanamji, kwa uzi uliokwenda shule. Mimi nimekwama mahali pamoja. Umesema baadhi ya habari za maeneo hayo ni siri, na kwamba hata ndani ya jamii wenyewe si kila mtu anaruhusiwa kuzijua. Sasa ofisi ya umma italindaje kitu isichoweza kukieleza? Mahakama, bunge, mwekezaji na gazeti wote watauliza sababu. Kiongozi akijibu kwamba sababu ipo ila hawezi kuisema, nani atamwamini? Siulizi kwa kejeli. Nimewahi kukaa katika ofisi ya ardhi ya wilaya, na najua jinsi faili lisilo na maelezo linavyotupwa chini ya meza.

Mwanamji

Bi Bintijuma, umegusa penyewe.

Jibu la kwanza ni la kiofisi. Anayetaka kufanya kazi katika kipande cha ardhi huomba cheti. Mamlaka inatafuta watu wenye dhamana ya mahali hapo, inakwenda nao, kisha inaandika cheti chenye ramani na masharti. Cheti hakisimulii hadithi. Kinasema tu kwamba ndani ya mstari huu usichimbe, usikate mti, usipitishe mtambo. Nje yake endelea na kazi yako. Mkandarasi hahitaji kujua kiwavi alilala wapi. Anahitaji kujua mwisho wa greda yake. Mtumishi wa Mamlaka anayefichua siri aliyoipata kazini anatenda kosa kisheria, na hilo linamhusu Mtendaji Mkuu kama linavyomhusu karani.

Jibu la pili ni kisa kinachoonyesha hasara ya kukosa utaratibu huo. Kilitokea Australia Kusini, nje ya mipaka ya Mamlaka hii, katika kisiwa cha Kumarangk, ambacho Waingereza walikiita Hindmarsh. Mwaka 1994 wanawake wa Kingarrindjeri walipinga daraja la kwenda kisiwani kwa sababu zilizotokana na mila za wanawake. Habari hizo ziliandikwa na mtafiti mwanamke, zikatiwa katika bahasha mbili zilizofungwa na kuandikwa kwamba zisomwe na wanawake tu. Waziri wa shirikisho, Robert Tickner, aliheshimu maandishi yale, hakuzisoma, akapiga marufuku ujenzi kwa miaka 25. Mahakama ikaitengua amri yake. Sababu mojawapo ni kwamba waziri hakusoma nyaraka alizopaswa kuzipima kabla ya kuamua! Kisha mwaka 1995 bahasha zilifika kwa makosa katika ofisi ya mbunge mwanaume wa upinzani, zikafunguliwa, na mbunge huyo akalazimika kujiuzulu nafasi yake ya uwaziri kivuli. Tume ya uchunguzi ikatangaza mwaka huohuo kwamba wanawake wale walitunga uongo. Mwaka 2001 jaji wa Mahakama ya Shirikisho, John von Doussa, baada ya kusikiliza ushahidi mpana zaidi, alisema hakuridhika kwamba walitunga. Wakati huo daraja lilikuwa limekwisha kujengwa.

Tazameni walivyobanwa wanawake wale. Wangenyamaza, wangeambiwa hawana hoja. Walipoandika na kufunga, waliambiwa wameficha. Wangesema hadharani, wangekuwa wamevunja wenyewe kile walichokuwa wakikitetea. Kwa maoni yangu hapo ndipo inapoonekana thamani ya chombo ambacho sheria imekipa kazi ya kupima ukweli wa jambo kwa ndani, kupitia watu wanaostahili kulisikia, kisha kikatoa nje uamuzi bila maelezo. Na hapo ndipo Mtendaji Mkuu anapobeba mzigo wake, kwa sababu serikali na wafanyabiashara wanaukubali uamuzi usio na maelezo kwa kuiamini ofisi iliyoutoa. Siku atakapotumia neno "siri" kufunika uzembe, hata mara moja, ofisi nzima imekwisha.

Fundi Changarawe

Habari zenu, wakuu. Mimi huwa nasoma tu, lakini hapa nina la kusema kwa sababu nimelishuhudia. Nimefanya kazi za barabara Northern Territory kwa miaka minne nikiwa msaidizi wa mpima ardhi.

Kabla ya kufungua machimbo ya kifusi tuliambiwa tungoje watu wa Mamlaka. Walifika asubuhi na gari moja, mtaalamu mwanamke wa mila za jamii na mabibi watatu. Mmoja, aliyeonekana mkubwa kuliko wote, hakushuka mara moja. Alifungua mlango, akakaa na miguu ikining'inia nje, akaita kwa sauti kubwa kwa lugha yake kuelekea vichakani, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo uwanja wake ni mpana. Yule mtaalamu alitueleza kwamba anawajulisha wa kale kwamba kuna wageni. Hakuna aliyeongeza neno. Baada ya muda bibi akashuka, akatembea hadi kwenye mkaratusi uliopinda, mti ambao mimi nilikuwa nimeupita kila siku kwa wiki mbili nikiuona kuni tu.

Mhandisi wetu alitaka apewe nusu kipenyo, mita ngapi kutoka kwenye shina. Bibi hakujibu swali hilo. Alizunguka mwenyewe, polepole, akifuata jambo ambalo sisi hatukuliona, mara akiupanua mduara, mara akiubana karibu na mkondo mkavu, na kila aliposimama tulichoma kigingi na kufunga utepe wa waridi. Tulipomaliza, umbo lililobaki ardhini halikuwa duara wala mraba. Lilikuwa na mkono mrefu upande mmoja, kama kata. Cheti kilipotoka, umbo lilikuwa lilelile kwenye ramani, na chini yake masharti machache. Hakuna hata sentensi moja iliyosema mti ule ni nani.

Na niseme ukweli: kulikuwa na manung'uniko. Mkandarasi mmoja, ambaye simtaji, alikuwa ameshaleta tingatinga na kila siku ya kungoja ilimgharimu. Alisema mbele yetu kwamba akipewa nafasi angeanza kuchimba usiku. Hakuanza, kwa sababu mwanasheria wake alimwambia kwamba bila cheti, kosa likitokea ni lake.

Mchumi Pwani

Ndugu Mwanamji na Fundi, nawaheshimu, lakini naomba niseme upande wa pili kwa moyo mweupe. Northern Territory ni eneo kubwa lenye watu wachache, na uchumi wake unategemea sana madini na gesi. Waaborijini wenyewe ni miongoni mwa watu maskini zaidi wa Australia, nao wanahitaji barabara, maji na ajira. Chombo kinachoweza kusimamisha mradi bila kutoa sababu kamili kinamtisha mwekezaji. Kiongozi wa chombo hicho je, hawajibiki pia kwa kijana wa Kiaborijini anayetafuta kazi mgodini?

Mwanamji

Swali la haki kabisa, ndugu Mchumi, na Mtendaji Mkuu yeyote wa Mamlaka hiyo analisikia kila wiki.

Kwanza nisahihishe jambo. Sheria haimlazimishi mtu kuomba cheti. Mahali patakatifu panalindwa iwe pameandikishwa au la, kwenye ardhi ya Waaborijini, kwenye shamba la mtu binafsi au katikati ya mji, na anayeamua kuendelea bila kuuliza anaendelea kwa hatari yake. Mwenye cheti akifuata masharti, hashitakiwi hata kama baadaye itabainika kwamba mahali palidhurika. Kwa hiyo cheti ni kinga ya mwekezaji kabla ya kuwa kizuizi chake, kama alivyolieleza Fundi kupitia kinywa cha yule mwanasheria. Na asiyeridhika na uamuzi ana njia ya kwenda kwa waziri, ambaye sheria inampa uwezo wa mwisho wa kutoa cheti chake mwenyewe. Mimi kipengele hicho sikipendi, lakini kipo, na kinabomoa hoja kwamba ofisi hii ni mfalme.

Hatari kwa uchumi inakuja mahali ambapo cheti kinachukuliwa kuwa karatasi ya kupitishia tu. Kaskazini mwa Tennant Creek, penye mgodi wa manganizi wa Bootu Creek, kuna mahali panapoitwa Wanawake Wawili Waliokaa. Kwa mila ya wenyeji, viumbe wawili wa kike wa mwanzo waligombania chakula cha porini, wakapigana, na damu yao ndiyo iliyolitia jiwe rangi yake ya giza. Kampuni iliyokuwa ikichimba ilijua mpaka uko wapi. Ilichimba karibu mno, na mwaka 2011 sehemu ya jabali ikaporomoka. Mamlaka ilishitaki, na Agosti 2013 kampuni ilipatikana na hatia, ikatozwa dola 150,000. Ilikuwa mara ya kwanza nchini Australia kwa kampuni ya madini kutiwa hatiani kwa kunajisi mahali patakatifu. Hakimu alisema kampuni ilitanguliza biashara na faida mbele ya wajibu wake wa kulinda mahali hapo.

Mtu anaweza kusema dola 150,000 kwa mgodi ni hela ya chai. Ni kweli. Lakini linganisha na kesi ya Numbulwar iliyotangulia kidogo, ambapo mkandarasi alichimba choo cha shimo kwenye uwanja wa ibada na mahakama ikamtoza dola 500. Wazee wa Numbulwar walitakiwa waamini kwamba hiyo ndiyo bei ya choo katikati ya uwanja wao. Kiongozi wa wakati ule wa Mamlaka, mwanaanthropolojia Benedict Scambary, angeweza kuhesabu gharama za mawakili na kuacha. Kesi ya Bootu Creek, na baadaye ile ya Gunlom, zilifunguliwa akiwa kwenye kiti. Nadhani alielewa kwamba sheria isiyopelekwa mahakamani hugeuka pambo, na kwamba sheria ikishakuwa pambo, wenye dhamana hawatakuja tena kuonyesha mahali.

Sasa tazama upande wa pili wa mpaka, Australia Magharibi, ambako hakukuwa na chombo cha aina hii. Sheria yao ya mwaka 1972 ilimpa waziri uwezo wa kuruhusu uharibifu, na wenyeji hawakuwa na haki ya kukata rufaa. Kwa kibali cha mwaka 2013, mnamo 24 Mei 2020 kampuni ya Rio Tinto ililipua mapango ya Juukan, ambamo watu waliishi kwa vipindi tangu zaidi ya miaka 46,000 iliyopita. Ndani yake ulikuwa umepatikana msuko wa nywele za binadamu wa miaka 4,000 hivi, ambao vinasaba vyake vilionyesha udugu na Wapuutu Kunti Kurrama na Wapinikura walio hai leo. Kila kitu kilikuwa halali kwenye karatasi. Mkuu wa kampuni na maafisa wengine wawili wakapoteza vyeo, wanahisa wakakasirika, bunge likaunda uchunguzi. Sheria mpya ilianza kutumika Julai 2023, na baada ya wiki tano tu serikali ikatangaza kuifuta kwa malalamiko ya wakulima. Nani hapo amepata utulivu wa uwekezaji, ndugu Mchumi?

Kuhusu kijana anayetafuta kazi, sikupingi. Mamlaka haipo kwa ajili ya kuukataa mgodi. Ipo kwa ajili ya kuambiwa mapema mgodi unataka kupita wapi.

Mkaya

Nimesoma yote kwa makini, wanangu. Mimi ni mtu wa Kilifi na nimekulia kando ya kaya, msitu mtakatifu wa wazee wetu. Sitaki kuuhamishia uzi kwetu, nataka kusema moja tu. Sisi Mijikenda tuna misitu yetu, serikali ya Kenya kupitia Makumbusho ya Taifa ilianzisha kitengo cha kuitunza mwaka 1992, na mwaka 2008 kaya kadhaa zikaingizwa katika urithi wa dunia. Tunashukuru. Lakini aliyoyaeleza Fundi kuhusu yule bibi aliyeuzungusha mti bila kusema ni nani, hayo nimeyaona kwa macho yangu kwa wazee wetu wa kaya. Mgeni huonyeshwa njia ya kuingilia, huvishwa kaniki, huambiwa hapa ndipo mwisho wako. Haambiwi fingo, kinga ya kaya iliyofukiwa ardhini, limezikwa wapi. Anayetaka kulinda fingo kwa kuandika mahali lilipo amelifukua.

Kwa hiyo namuunga mkono ndugu Mwanamji. Mkuu wa ofisi kama hiyo lazima awe mtu anayeweza kukaa na jambo asilolijua na bado akalitetea.

Bintijuma

Mzee Mkaya, shikamoo, na ahsante kwa neno hilo zito.

Nina swali la mwisho kwa mwanzisha uzi. Tumezungumza kana kwamba wenye dhamana wana sauti moja. Je, wakitofautiana? Baadhi wakisema mahali ni patakatifu na wengine wakisema tunataka ajira, mkuu wa ofisi anashika la nani?

Mwanamji

Marahaba ya Mzee Mkaya nimeisubiri na mimi. Bi Bintijuma, jibu la swali lako linaturudisha tulipoanzia, kwa watu walewale.

Si mbali na Gunlom kuna kilima ambacho Wajawoyn hukiita Guratba, na kwenye ramani kinaitwa Coronation Hill. Chini ya nchi ile, kwa mila yao, amelala Bula, kiumbe mwenye nguvu za kutisha, na nchi yenyewe huitwa nchi ya ugonjwa: akitikiswa, ardhi itatetemeka na watu wataangamia, na si Wajawoyn peke yao. Katika miaka ya 1980 kampuni ilitaka kuchimba dhahabu, platinamu na paladi pale. Wajawoyn hawakuwa na kauli moja. Walikuwepo waliouona mgodi kuwa kazi na fedha, na katika umaskini wao nani angewalaumu. Upande mwingine walikuwepo wazee watatu wanaume, wenye dhamana ya juu kuliko wote juu ya Bula, nao walisema hapana.

Hapa ndipo kura inaposhindwa kusaidia. Katika mila hiyo, kusema juu ya mahali hakutokani na wingi wa watu. Kunatokana na nani amepewa mahali hapo, na nani, upande wa mama au wa baba, ana wajibu wa kuhakikisha aliyepewa anapatunza ipasavyo. Kazi ya ofisi ni kuwatambua watu hao kwa usahihi na kuwasikiliza kwa ukamilifu, kisha kuandika walichosema hata kama kinawaudhi jamaa zao. Ni kazi ya kuchosha, ya safari ndefu za vumbi na vikao visivyo na ajenda, na mtendaji anayeiruka ili atimize ripoti ya robo mwaka ataandika cheti chenye majina yasiyo sahihi. Cheti cha namna hiyo kinaleta ugomvi ndani ya ukoo utakaoendelea baada ya mkandarasi kuondoka.

Juni 1991 waziri mkuu Bob Hawke aliisimamia serikali yake ikakataa mgodi, kinyume cha mawaziri wake wengi. Aliwaambia kwamba kuidharau imani ya wale wazee huku wakiheshimu za Wakristo ni unafiki. Desemba mwaka huohuo chama chake kilimwondoa, na mwenyewe aliamini kwamba suala hilo lilichangia. Guratba ikaingizwa ndani ya Hifadhi ya Kakadu ili iwe salama.

Na hifadhi hiyohiyo, miaka 28 baadaye, ndiyo iliyojenga njia ya Gunlom. Nchi iliyookolewa kutoka kwa wachimbaji kwa kukabidhiwa watunza mazingira ilidhuriwa na watunza mazingira, watu wema wenye nia ya kuwasaidia watalii wapande bila kuteleza, ambao hawakuuliza. Ndiyo maana naona uamuzi wa kumshitaki Mkurugenzi wa Hifadhi ulikuwa mgumu zaidi ya ule wa Bootu Creek. Kampuni ya madini kila mtu anaitarajia kuwa mkosaji. Kumshitaki jirani mwenye sare inayofanana na yako, anayekaa nawe katika kamati, anayekualika kwenye uzinduzi, kunahitaji mtu ambaye kila asubuhi anakumbuka nani wamekaa katika viti kumi vya bodi yake.

Swali ambalo Mahakama Kuu iliulizwa lilikuwa fupi: je, neno "mtu" katika kifungu kinachokataza kufanya kazi mahali patakatifu bila cheti linamhusu pia Mkurugenzi wa Hifadhi za Taifa? Wajawoyn walisubiri miaka mitano tangu njia ilipojengwa ili wajibiwe kwamba linamhusu.